Jack Pierce: fundi aliyeugeuza uso wa mtu kuwa wa mnyama

Mwalimu wa Nyakalengija au Bwera anayemwandaa mwanafunzi kuigiza nyani jukwaani hukabiliwa na swali gumu: uso ubadilishwe kiasi gani ili watazamaji wamwone mnyama, nao uachwe huru kiasi gani ili mtoto aweze kusema na kukunja kipaji? Swali hilo ndilo lililotawala maisha ya Jack Pierce, mpambaji wa nyuso wa sinema za Marekani.

Pierce alizaliwa Ugiriki mwaka 1889, kwa jina la Janus Piccoula, akahamia Marekani angali kijana. Alitamani kuwa mchezaji wa besiboli, lakini hakufanikiwa. Akageukia kazi za sinema, akianzia kwenye kumbi za maonyesho.

Nyani ndiye aliyemfungulia mlango. Katika filamu ya The Monkey Talks ya mwaka 1927, alimpamba mwigizaji Jacques Lerner, aliyecheza mtu anayejifanya nyani asemaye. Wakuu wa kampuni ya Universal walivutiwa na kazi hiyo. Punde Pierce akawa mkuu wa upambaji huko, na mwaka 1931 akaunda uso wa zimwi la Frankenstein, ambao hata asiyeitazama filamu yenyewe huutambua.

Hata hivyo, anayetaka kujifunza kupamba mnyama aitazame zaidi The Wolf Man ya mwaka 1941. Humo Lon Chaney Mdogo anageuka mbwa mwitu. Pua ilikuwa kipande cha mpira, lakini manyoya yalikuwa nywele za yaki, ng'ombe wa milima ya Asia, zilizobandikwa kwa gundi fungu baada ya fungu, kisha zikachomwa ncha kwa chuma cha moto. Nywele za namna hiyo hubandikwa kama nyasi za paa: fundi huanza chini, kidevuni, akipanda juu, ili kila safu ifunike shina la safu iliyotangulia. Akianzia juu, gundi huonekana na mnyama huyeyuka machoni pa mtazamaji. Macho na mdomo huachwa wazi, kwa kuwa humo ndimo mwigizaji anamoishi.

Kazi hiyo ilichukua saa nyingi, na Chaney hakuipenda. Katika tukio ambapo mnyama anarudi kuwa mtu, manyoya yalipunguzwa hatua kwa hatua, kila hatua ikipigwa picha.

Subira hiyo ndiyo iliyomponza. Mafundi wengine walikuwa wakitengeneza nyuso za mpira laini, zilizomwagwa katika kalibu na kuvikwa kwa muda mfupi. Pierce alishikilia mkono wake. Kampuni ilipobadilika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ilimwondoa na kumweka Bud Westmore. Ni vigumu kuliona hilo kuwa malipo ya haki kwa mtu aliyeipatia Universal nyuso zilizoipa jina. Miaka ya 1960 alikuwa akiwapamba waigizaji wa Mister Ed, mchezo wa televisheni kuhusu farasi asemaye.

Alifariki Julai 1968, mwaka uleule ambao nyuso za sokwe za John Chambers, zilizotengenezwa kwa mpira laini, zilivuma katika Planet of the Apes. Chambers alipewa Oscar ya heshima. Pierce hakuwahi kupata hata moja. Tuzo ya kawaida ya upambaji ilipotolewa kwa mara ya kwanza, mwaka 1982, ilikwenda kwa Rick Baker, kwa filamu ya mtu anayegeuka mbwa mwitu.