Takamine, Mjapani aliyetoa dawa kwenye pumba

PUMBA za ngano ni chakula cha ng'ombe. Ndivyo tunavyozijua sisi tunaozivusha mpakani kwa magunia, na ndivyo walivyozijua Wamarekani wa karne ya 19. Lakini Mjapani mmoja, Jokichi Takamine, alizitazama kwa jicho jingine.

Takamine alizaliwa mwaka 1854 mjini Takaoka, akakulia Kanazawa. Baba yake alikuwa tabibu. Ukoo wa mama yake ulikuwa wa wapika sake, pombe ya mchele. Pombe hiyo haihitaji kimea kama ile yetu ya mtama. Mchele hupikwa kwa mvuke, kisha juu yake huoteshwa kuvu iitwayo koji. Kuvu hiyo hutoa vimeng'enya, ambavyo ni kama visu vidogo vya kukata wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo inayogeuka pombe.

Akiwa bado mtoto alipelekwa Nagasaki kujifunza lugha za kigeni. Alihitimu uhandisi Tokyo mwaka 1879, akaenda kusoma Glasgow, Uskoti, kisha akarudi kuitumikia serikali yake. Mwaka 1884 alitumwa kwenye maonyesho ya New Orleans, Marekani, na huko akampata Caroline Hitch, waliyefunga naye ndoa mwaka 1887.

Mwaka 1890 alihamia Marekani na wazo moja. Watengenezaji wa wiski walitumia kimea cha shayiri, nafaka nzuri inayohitaji siku nyingi kuchipushwa. Yeye aliotesha koji juu ya pumba za ngano, mabaki ya kinu. Huko Peoria, jimbo la Illinois, wenye biashara ya kimea waliona riziki yao inaondoka, wakampinga. Moto ukateketeza sehemu ya kiwanda, yeye mwenyewe akaugua ini, na mpango wa wiski ukafa.

Mikononi alibaki na kimeng'enya kisicho na soko. Ndipo alipofikiri kwamba kinachokata wanga ndani ya pipa kinaweza kuukata tumboni pia. Mwaka 1894 alipata hataza ya Marekani, na kampuni ya Parke-Davis ya Detroit ikauza dawa hiyo ya kusaidia mmeng'enyo wa chakula kwa jina la Taka-Diastase. Mwaka 1900, yeye na msaidizi wake Keizo Uenaka walipata adrenalini safi, dawa ambayo hadi leo huokoa maisha hospitalini.

Utajiri ulikuja, lakini sheria za wakati ule hazikumruhusu Mjapani kuomba uraia wa Marekani. Mwaka 1913 alikuwa rais wa kwanza wa kampuni ya dawa ya Sankyo, Japani. Alifariki New York tarehe 22 Julai 1922, akazikwa huko huko.

Takamine alitafuta kisu cha kukata wanga tu, kumbe pumba zina mali nyingine. Kuta zake zimeshikilia viini viitwavyo fenoli, kimojawapo asidi feruliki. Kinu hakivitoi, wala maji ya moto peke yake hayatoshi. Siku hizi wataalamu hutumia vimeng'enya vya kuvu za jamii ile ile ya koji: kimoja hulegeza ukuta, kingine hukata kifungo kinachoishika asidi hiyo. Ikitoka, husaidia mafuta yasichache upesi, na yaweza kugeuzwa kuwa vanilini, harufu ya vanila. Maganda ya kahawa, ambayo kwetu hurundikwa kando ya mashine, nayo yana fenoli za namna hiyo.

Lakini mfanyabiashara asije akadhani kila kuvu ni koji. Ile inayoota ghalani kwenye mahindi mabichi yaweza kuwa na sumukuvu, ambayo mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Gunia lenye kuvu si la kuvusha, ni la kutupa.

Sisi tuliosomea ugenini tulizoea kuamini kwamba elimu ni ile tuliyoikuta kwa wenzetu. Kweli, Takamine alikwenda kusoma Glasgow. Koji aliitoa kwa ukoo wa mama yake, na bila hiyo asingekuwa na cha kuwauzia Wamarekani.