Richard St. Barbe Baker na Ngoma ya Miti

Katika nchi ya Pangi, huko Maniema, mtoto akitoka nyumbani mwao aona miti. Mwitu u mbele yake, mwitu u nyuma yake. Kiangazi kikifika, watu hukata sehemu ya mwitu na kuichoma. Mvua zikianza, hupanda mpunga na muhogo. Ardhi ikichoka, huiacha ipumzike, nao hukata mahali pengine. Kwa kuwa miti ni mingi, ni vigumu kufikiri kwamba yaweza kwisha.

Mbali sana upande wa mashariki, ng'ambo ya maziwa makubwa, iko nchi ya Kenya. Zamani Wakikuyu wa huko nao walikuwa na mwitu mkubwa, na walilima kwa namna iyo hiyo. Lakini mwitu wao ulianza kwisha mbele ya macho yao. Habari hii ni ya mtu aliyetaka vijana wao wapande miti. Hakuwapiga, wala hakuwatukana, wala hakuwatisha. Jina lake lilikuwa Richard St. Barbe Baker.

Baker alizaliwa Uingereza tarehe 9 Oktoba 1889. Baba yake alikuwa na kitalu cha miche ya miti, naye mtoto alikua kati ya miche hiyo. Tangu udogo alijua kupanda mbegu, kung'oa magugu na kumwagilia maji. Alipokuwa na umri wa miaka mitano hivi, aliruhusiwa kuingia msituni peke yake. Alipotea njia, lakini hakulia. Alisimama kati ya miti mirefu, akaona furaha kubwa moyoni. Furaha ile hakuisahau mpaka uzee wake.

Alipokuwa kijana alisafiri mpaka Kanada, akawa mmoja wa wanafunzi wa kwanza wa chuo kikuu cha Saskatchewan. Ili apate fedha, alifanya kazi ya kukata miti. Huko aliona jambo lililomhuzunisha. Miti mikubwa iliangushwa kwa wingi, na sehemu kubwa ya mbao ikapotea bure. Tena katika nchi ya tambarare wakulima walikuwa wamelima kila mahali bila kuacha miti ya kuzuia upepo. Upepo ulipovuma, ulichukua udongo mzuri ukaenda nao. Baker akafahamu kwamba mti na chakula ni ndugu. Mti ukiondoka, chakula nacho hakikawii kuondoka.

Mwaka 1914 vita kubwa ilianza Ulaya. Baker akawa askari, akapigana Ufaransa, akajeruhiwa. Vita ilipokwisha, alirudi chuoni Cambridge akasomea kazi ya misitu. Mwaka 1920 serikali ya Waingereza ikampeleka Kenya, awe mmoja wa wasimamizi wa misitu.

Alipofika katika nchi ya Wakikuyu, aliona vilima vingi vitupu. Zamani vilima vile vilifunikwa na mierezi na mizeituni ya mwitu. Sababu zilikuwa zaidi ya moja. Walowezi kutoka Ulaya walikuwa wamepewa mashamba makubwa, na nafasi ya wenyeji ikapungua. Mbao nyingi zilikuwa zimekatwa na kuuzwa. Wakikuyu nao, kama desturi yao, walikata na kuchoma mwitu wapate shamba jipya. Zamani desturi ile haikuleta hasara, kwa kuwa watu walikuwa wachache na mwitu ulipata nafasi ya kuota tena. Lakini sasa nafasi haikuwapo. Mahali palipokuwa pamekatwa, mvua ilishusha udongo mtoni.

Baker alikuwa mtu wa serikali. Angaliweza kutoa amri, na askari wangaliwalazimisha watu. Lakini alijua kwamba mti uliopandwa kwa amri hupandwa leo, na kesho mbuzi huula, wala hakuna anayejali. Serikali isingeweza kumweka mlinzi kando ya kila mche. Ni lazima aliyeupanda aupende mwenyewe.

Basi kwanza alianza yeye. Karibu na kambi yake alitengeneza kitalu cha miche, kama alivyofundishwa na baba yake. Akaonyesha jinsi miche ya miti ya asili inavyoweza kupandwa kati ya mahindi. Kwa njia hiyo mkulima huvuna chakula chake miaka ya kwanza, na anapoliacha shamba, huacha nyuma yake mwitu mchanga, wala haachi nchi tupu.

Kisha akazungumza na wazee. Wazee walimwambia kwamba kupanda miti si kazi ya wanadamu. Hiyo ni shauri ya Mungu, naye ndiye aliyeiotesha tangu mwanzo. Baker hakuwacheka. Aliwaeleza kwa upole kwamba ni kweli Mungu huotesha miti, lakini huiotesha kwa mbegu za miti mikubwa. Watu walikuwa wakiikata miti ile ile yenye kuzaa mbegu. Mama wakifa wote, watoto watatoka wapi? Wazee walikaa kimya wakafikiri. Wao wenyewe walikuwa na desturi ya kuuheshimu mti wa mugumo, wala hawakuukata. Kwa hiyo neno la kuutunza mti halikuwa geni kabisa kwao.

Hata hivyo, vijana hawakuwa na hamu ya kazi ile. Mti hukawia. Apandaye maharagwe hula baada ya miezi michache. Apandaye mwerezi huenda asiuone ukikomaa. Nani atataka kuchoka kwa ajili ya kivuli cha wajukuu?

Baker akaendelea kuwatazama watu na kujifunza desturi zao. Akaona jambo moja. Wakikuyu walipopanda maharagwe, walicheza ngoma. Walipovuna mahindi, walicheza ngoma. Kila kazi kubwa ilikuwa na ngoma yake, na siku ya ngoma hakuna kijana aliyebaki nyumbani. Baker akafikiri kwamba, ikiwa maharagwe yana ngoma na mahindi yana ngoma, basi miti nayo ifanyiwe ngoma.

Akalichukua wazo lake kwa chifu Josiah Njonjo. Chifu huyu aliwafahamu watu wake vizuri, nao walimsikiliza. Njonjo alikubali, na tangu siku zile wawili hao wakawa marafiki. Habari ikatangazwa vijijini kwamba kutakuwa na ngoma mpya, Ngoma ya Miti, na wachezaji waliojipamba vizuri watapewa zawadi.

Siku yenyewe ilikuwa tarehe 22 Julai 1922, mahali paitwapo Muguga, si mbali na Nairobi. Kama vijana wasingekuja, kazi yote ingekuwa bure, na wazee wangesema kwamba waliyajua hayo tangu mwanzo. Lakini vijana walikuja. Walikuja kutoka kila upande, wamejipaka rangi, wamevaa mapambo yao, karibu watu 3,000. Walicheza kwa furaha nyingi.

Ndipo Baker akasema nao habari za miti. Hakuwaeleza mambo yote aliyoyajua. Hakuwapa orodha ndefu ya makosa yao, wala hakuwataka waache kulima. Aliwaomba wale wenye nia watoe ahadi ya mambo matatu. La kwanza, kila mmoja apande miti 10 kila mwaka. La pili, aitunze miti popote aionapo. La tatu, kila siku atende tendo moja jema. Basi, ni hayo tu.

Miti 10 si mzigo. Hata mtu mwenye kazi nyingi aweza kupanda miti 10 kwa mwaka, na bado akapata nafasi ya kulima, kuchunga na kupumzika. Kama Baker angaliomba miti 1,000, wengi wangaliogopa, nao wangalirudi kwao bila kupanda hata mmoja.

Wa kwanza kupokelewa walikuwa vijana 50. Mtu mwingine angalihuzunika kuona 50 tu kati ya 3,000. Lakini mwanafunzi ajuaye hesabu na apige hesabu. Vijana 50, kila mmoja miti 10, ni miti 500 kwa mwaka mmoja. Kwa miaka 10 ni miti 5,000. Tena kila kijana alirudi kijijini kwake, na huko alikuwa na ndugu na rafiki. Walipoiona miche yake, waliuliza, naye akawaeleza. Wengine wakafuata.

Chama kile kiliitwa Watu wa Miti. Neno lao lilikuwa twahamwe, neno la Kikikuyu, maana yake ni kuvuta pamoja kama mtu mmoja. Lilikuwa neno linalofaa, maana kazi yenyewe ilikuwa ya namna hiyo. Hapakuwa na mmoja mbele anayepiga kelele na wengine nyuma wanaosukumwa, bali wote walikuwa sawasawa, na kila mmoja na miti yake 10.

Mwaka 1924 Baker aliwakusanya watu wa Uingereza nao, akaanzisha huko chama cha namna ile ile. Hivyo Wazungu walifuata mfano ulioanza kwa vijana wa Kikuyu. Baadaye alihamishiwa Nijeria, katika misitu yenye miti ya mahogani. Alipoacha kazi ya serikali, alizunguka duniani. Huko Marekani alisaidia kuwaamsha watu waihifadhi miti mikubwa kabisa ya California, ambayo mingine ina umri wa zaidi ya miaka 1,000. Mwaka 1952 alianza safari na wenzake wachache kupita jangwa la Sahara kwa motokaa, apate kuona jinsi mchanga unavyosogea na kuimeza nchi isiyo na miti.

Hata uzee haukumzuia. Mwaka 1963, umri wake ukiwa umepita miaka 70, alipanda farasi akaanza safari ya kupita New Zealand toka upande mmoja mpaka mwingine. Njiani alisimama katika shule nyingi akasema na watoto habari za miti. Watoto walimpenda, maana mzee juu ya farasi si jambo la kila siku, na baada ya kumtazama walimsikiliza.

Tarehe 5 Juni 1982 alikuwa Saskatoon, katika chuo kile cha Kanada alichokisoma ujanani. Alikuwa na umri wa miaka 92, na nguvu zake zilikuwa zimekwisha. Siku ile alipanda mti. Ulikuwa mti wake wa mwisho, maana tarehe 9 Juni alifariki, akazikwa katika mji ule ule.

Kazi ya namna hii haikufa katika nchi ya Kenya. Tarehe 5 Juni 1977 mama mmoja, Wangari Maathai, naye ni Mkikuyu, alipanda pamoja na wenzake miti 7 tu mjini Nairobi. Wanawake wa vijijini wakaanza kupanda, kila kundi na kitalu chake, mpaka miti ikawa mamilioni. Mwaka 2004 mama huyo alipewa zawadi kubwa ya amani iitwayo Nobel. Alianza na miti 7.

Mwitu wa Pangi bado ni mkubwa. Lakini mwitu wa Wakikuyu nao ulikuwa mkubwa. Mtoto apendaye kuutunza asianze kwa kuwagombeza wenzake, wala asiwahesabie makosa yao yote kwa siku moja. Mtu akigombezwa huziba masikio, na akitwikwa mzigo mzito huutupa njiani. Mtoto huyo na aanze mwenyewe. Kokwa la embe alilolitupa nyuma ya jiko alifukie, alimwagilie maji, alizungushie vijiti mbuzi wasiule mche. Rafiki akija kuuliza, ampe kokwa moja, wapande pamoja huku wakiimba. Moja linatosha kwa siku hiyo.