Leakey: Mzungu wa Kabete Aliyekitafuta Kisu cha Kwanza

Kisu kisichopata ni adhabu kwa mnyama na aibu kwa mchinjaji. Kila Mwislamu aliyewahi kusimama karibu na mchinjaji siku ya Idi Kubwa analijua jambo hilo. Kisu hunolewa mapema, mbali na macho ya mnyama, na makali yake hujaribiwa kabla ya kuletwa uwanjani. Hiyo si desturi ya wazee tu, bali ni mafunzo ya Mtume wetu (S.A.W.), aliyemtaka mwenye kuchinja akitie kisu chake makali na ampunguzie mnyama mateso.

Zamani kinoo cha nyumbani kilikuwa jiwe lililomwagiwa maji, nalo kwa kutumiwa sana lililika likaingia bonde katikati. Siku hizi kimeingia kinoo cha almasi. Hilo ni bamba la chuma lililopakwa chembe ndogo za almasi, zikashikizwa kwa madini ya nikeli. Nyingi za chembe hizo hazikuchimbwa, kwani tangu 1954 wanadamu wamejua kutengeneza almasi kiwandani. Fundi hulilowesha bamba kwa maji, akaanzia upande wa chembe kubwa na kumalizia upande wa chembe ndogo, bila kukandamiza. Hakuna jiwe gumu kuliko almasi, kwa hiyo chuma hulika na bamba hubaki limenyooka.

Lakini, msomaji, iko nchi ambayo watu wake walikata nyama, wakachuna ngozi na kuchonga miti kwa miaka mingi isiyohesabika bila chuma wala kinoo cha namna yoyote. Nchi hiyo ni Bonde la Ufa. Ukitoka Nakuru kwenda Eldoret, ukipita Salgaa, barabara huanza kupanda kuelekea Mau Summit, na njiani unafika Sachangwan katika pande za Molo. Watu wengi walilisikia jina la mahali hapo kwa mara ya kwanza tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipopinduka na moto ukaua zaidi ya watu 100. Wataalamu wa mambo ya kale wanaijua nchi hiyo kwa sababu nyingine. Kutoka vilima hivyo kuteremka Njoro, Nakuru, Elmenteita hadi Gilgil, ardhi imejaa vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Jiwe hilo lilitoka katika moto wa milima ya volkano, kisha likapoa upesi. Wataalamu huliita obsidiani. Mtu aliyeufanya ulimwengu uviangalie vipande hivyo ni Dakta Louis Seymour Bazett Leakey.

Leakey alizaliwa Kabete, karibu na Nairobi, tarehe 7 Agosti 1903. Baba yake, Harry Leakey, alikuwa mhubiri wa misheni ya Kianglikana. Mtoto alikua miongoni mwa Wakikuyu, akakijua Kikikuyu kama lugha ya mama, na alipofika umri wa ujana akaingizwa katika rika la wenziwe. Alijifunza kunyemelea wanyama, kutega mitego, na kukaa kimya kutwa nzima akimngojea ndege. Subira hiyo ilimfaa baadaye kuliko mengi aliyofundishwa darasani.

Alipokuwa na umri wa miaka 12 hivi alipewa zawadi ya kitabu cha watoto kilichoeleza maisha ya watu wa kale wa Ulaya na zana zao za mawe. Kijana akatoka nje, akaanza kuokota kila jiwe lenye ncha. Kitabu kilisema zana hizo zilikuwa za gumegume, jiwe la Ulaya, naye hakulijua. Akaokota vipande vyeusi vya kioo. Wakikuyu waliviona vipande hivyo siku zote baada ya mvua kubwa, wakaviita nyembe za mizimu. Watu wa nyumbani walimcheka. Hata hivyo alivipeleka kwa Bwana Arthur Loveridge, mtunzaji wa makumbusho ya Nairobi, akaambiwa kwamba baadhi yake kweli vilikuwa zana zilizotengenezwa kwa mikono ya watu. Tangu siku hiyo njia ya maisha yake ilikuwa imekatwa.

Mwaka 1922 aliingia Chuo Kikuu cha Cambridge. Huko aliumia kichwa katika mchezo wa raga, akapata maumivu yaliyomlazimu kuacha masomo kwa muda. Balaa ile ikawa heri. Mwaka 1924 aliajiriwa katika msafara wa kutafuta mifupa ya mijusi wakubwa wa kale huko Tendaguru, bara ya Lindi. Kwa hiyo kazi yake ya kwanza ya kuchimba aliifanya katika nchi ya nyuma ya pwani yetu. Alirudi Cambridge, akamaliza masomo 1926, na mwaka huohuo akarejea Kenya akiongoza msafara wake mwenyewe.

Alipiga kambi katika pande za Nakuru na Elmenteita. Katika pango moja lililokuwa katika shamba la mlowezi aitwaye Gamble, yeye na watu wake walichimba chini, tabaka baada ya tabaka, wakatoa maelfu ya wembe wa jiwe jeusi. Kisha mwaka 1928, huko Kariandusi karibu na Gilgil, yalipatikana mashoka ya mkono yaliyotapakaa ardhini. Mengine yalikuwa ya obsidiani, jambo ambalo ni nadra duniani kwa mashoka ya umri huo, ambao leo hukisiwa kukaribia miaka milioni moja. Mahali hapo sasa ni makumbusho, na msafiri wa barabara ya Nakuru aweza kuingia akajionea.

Leakey hakuridhika na kuyatazama mawe hayo ndani ya kabati la vioo. Alitaka kujua yalivyotengenezwa na yalivyokata. Akajifunza mwenyewe kugonga jiwe kwa jiwe mpaka akawa fundi. Obsidiani hainolewi kama panga. Ukiisugua, makali yake huvunjika. Siri yake ni pigo. Fundi hutafuta ukingo, akapima pembe, akagonga mara moja, na kipande chembamba kikaruka kikiwa na makali tayari. Makali ya kipande hicho kipya ni membamba kuliko ya wembe wa chuma, ingawa hayadumu. Yakififia, fundi haoni shida ya kukitupa, bali hugonga kingine. Tofauti baina ya kisu cha jiwe na kisu cha chuma ndiyo hiyo. Kimoja huzaliwa kikali kisha hufa, na kingine hufufuliwa kila siku juu ya kinoo.

Mbele ya wageni na wataalamu Leakey alikuwa na mazoea ya kutengeneza zana papo hapo, kisha kumchuna kwa zana hiyo kondoo au paa mzima. Alikuwa akieleza kwamba meno na kucha za binadamu haziwezi kupasua ngozi ya mnyama, na kwamba bila kipande cha jiwe mtu angekaa na njaa karibu na mzoga. Sisi Waislamu habari hiyo haitushangazi. Sheria yetu imekataza kuchinja kwa meno na kwa kucha, lakini haikukataza jiwe lenye makali. Kisa cha kijakazi wa Kaab bin Malik kinajulikana madrasani. Alikuwa akichunga mifugo katika mlima wa Sal-i huko Madina, akamwona kondoo mmoja yu karibu kufa. Akavunja jiwe, akamchinja kwa jiwe hilo, na Mtume (S.A.W.) alipoulizwa akairuhusu nyama iliwe.

Mwaka 1931 Leakey alikwenda bonde la Olduvai, Tanganyika, pamoja na mtaalamu Mjerumani, Hans Reck. Reck alikuwa amefika huko tangu 1913, na alishikilia kwamba bonde lile halina zana za mawe. Leakey akaweka naye dau la pauni 10 kwamba atazipata kabla ya saa 24 kupita. Akazipata. Sababu ni kwamba Reck alikuwa akitafuta gumegume la Ulaya, na kwa kuwa halikuwako alidhani hakukuwako zana. Leakey alikuwa amezoea tangu utotoni kwamba Mwafrika alitumia jiwe la nchi yake.

Hata hivyo maisha yake hayakuwa ya ushindi mtupu. Alikuwa mwepesi wa kutangaza kabla ya kuhakikisha. Mwaka 1935 mtaalamu Mwingereza, Percy Boswell, alifika Nyanza kuangalia mahali Leakey aliposema ameokota mfupa wa mtu wa kale sana. Leakey hakuweza kupaonyesha, na jina lake likachafuka kwa wanazuoni wenziwe. Wakati huohuo alimwacha mkewe wa kwanza, Frida, mwenye watoto wawili wadogo, na mwaka 1936 akamwoa Mary Nicol. Watu wa Cambridge walichukizwa, na mlango wa kazi huko ukafungwa.

Mary alikuwa mchimbaji makini kuliko mumewe, na sehemu kubwa ya sifa za Leakey ni haki yake. Mwaka 1937 alianza kuchimba Hyrax Hill, nje kidogo ya mji wa Nakuru. Mwaka 1938 mume na mke walichimba pango la mto Njoro, ambalo si mbali na Sachangwan. Humo walikuta mabaki ya watu wasiopungua 70, waliochomwa na kuwekwa pamoja na bakuli za mawe, mawe ya kusagia, shanga na nyembe za obsidiani. Watu hao walikuwa wafugaji walioishi yapata miaka 3,000 iliyopita. Watu wa utamaduni huo walipenda hasa obsidiani ya rangi ya kijani kutoka mlima Eburru, na vipande vyake vimepatikana hata nyanda za Mara. Maana yake ni kwamba watu walisafiri au walibadilishana mali ili kupata jiwe zuri la kukatia, kama mababu zetu wa pwani walivyongojea chuma na vyombo vilivyoletwa na majahazi.

Wakati wa vita vya Mau Mau Leakey alisimama upande wa serikali ya kikoloni. Katika kesi ya Mzee Jomo Kenyatta huko Kapenguria, 1952 hadi 1953, aliwekwa kuwa mkalimani. Mawakili wa utetezi walilalamika kwamba anapendelea upande mmoja, naye akajitoa. Wakikuyu wengi waliomhesabu kuwa ndugu wa rika hawakulisahau jambo hilo. Hapa pana somo chungu. Mtu huyu alitumia umri wake kuonyesha kwamba Afrika haikuwa bara tupu lililongojea kupewa maarifa, lakini ndugu zake wa utotoni walipodai nchi yao, hakusimama nao.

Tarehe 17 Julai 1959, Leakey akiwa kitandani na homa katika kambi ya Olduvai, Mary alitoka peke yake na mbwa wake, akaliona fuvu likichungulia ardhini. Leakey alilipa jina la Zinjanthropus. Jina hilo linatuhusu sisi watu wa pwani, kwa kuwa Zinj ndilo jina ambalo Waarabu wa kale waliliita pwani yetu na watu wake. Baadaye wataalamu walilibadilisha jina la kitaalamu, lakini wengi bado huliita Zinj. Kipimo cha majivu ya volkano kilionyesha kwamba fuvu lina umri wa miaka milioni 1 na laki 7 unusu.

Mwaka 1964 Leakey na wenziwe wawili walitangaza kiumbe mwingine wa Olduvai, wakampa jina la Kilatini lenye maana ya mtu hodari wa mikono, wakiamini kwamba huyo ndiye aliyekitengeneza kisu cha kwanza. Leo tunajua kwamba safari ni ndefu zaidi, kwani mwaka 2015 zilitangazwa zana za mawe kutoka Lomekwi, magharibi mwa Ziwa Turkana, zenye umri wa miaka milioni 3 na laki 3. Kuhusu asili ya Nabii Adamu (A.S.), Mwislamu ana Kitabu chake na wanazuoni wake, wala hana haja ya kuichukua imani yake kwa Leakey. Lakini mawe ni mawe. Yako ardhini, yana alama za mapigo, na hakuna aliyeyaleta kutoka ng'ambo.

Louis Leakey alifariki London tarehe 1 Oktoba 1972, akazikwa Limuru. Mary aliendelea na kazi, naye alifariki Nairobi tarehe 9 Desemba 1996.

Basi msomaji, Idi ijayo utakapokitoa kisu chako na kukipitisha juu ya kinoo, kiwe cha jiwe au cha almasi, kumbuka kwamba hiyo ni kazi ya kale mno, na kwamba ilianza katika nchi hizi zetu. Wazee walisema kinolewacho hupata. Leakey alijinoa kwa mawe tangu utotoni, akakata pale palipowashinda wengine, na palipomhitaji kuwa mkali wa haki akawa butu. Kila mwanadamu ana upande wake usiopata, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.