Quanah Parker: Jaji aliyeutetea mmea wa ibada

JINA la Quanah Parker hutajwa zaidi katika simulizi za vita vya nyanda za Texas, ilhali pambano lake lililodumu zaidi lilihusu mmea mdogo usio na miiba.

Alizaliwa katikati ya karne ya 19, mwana wa Peta Nocona, shujaa wa Wacomanche, na Cynthia Ann Parker, Mzungu aliyetekwa angali mtoto mnamo 1836. Nyati walipoangamizwa na jeshi likamzidi nguvu, alisalimu amri huko Fort Sill mwaka 1875.

Katika eneo walilotengewa na serikali, Quanah aliikumbatia ibada ya peyote, aina ya dungusi kakati inayoota kusini mwa Texas na kaskazini mwa Mexico. Waumini huila ndani ya hema, wakikesha kwa nyimbo na maombi kandokando ya moto. Kemikali yake, meskalini, huwaletea maono. Kwao ni sakramenti na dawa. Kwa wamishenari na maafisa wengi wa enzi hiyo, kilikuwa kileo tu.

Ajabu ni kwamba mnamo 1886 aliteuliwa jaji katika mahakama iliyoundwa ili kukomesha mila za wenyeji asilia. Yeye mwenyewe alikuwa na wake kadhaa na aliongoza ibada hiyo! Wakala wa serikali alipoipiga marufuku peyote mwaka 1888, Quanah alijadiliana naye hadi amri ikalegezwa. Hakushika silaha tena. Alijifanya mtu ambaye watawala wasingeweza kumpuuza. Alipovuliwa ujaji mwaka 1898, kosa lililotajwa ni wake zake, wala si peyote.

Mwaka 1899 sheria ya Oklahoma ilikataza maharagwe ya meskali, ambayo ni mbegu za mmea mwingine kabisa. Oklahoma ilipogeuka jimbo mnamo 1907, mzee huyo alikuwa miongoni mwa waliofika mbele ya watunga sheria kuitetea dini yao.

Alifariki Februari 23, 1911. Kanisa la Wenyeji Asilia wa Marekani lilisajiliwa Oklahoma mwaka 1918, naye hakuliona.

Hata hivyo, mnamo 1990 Mahakama ya Juu iliamua kuwa katiba haiwakingi watumiaji wa peyote dhidi ya sheria za mihadarati, hata wakiitumia katika ibada. Bunge la Marekani lilijibu mwaka 1994 kwa sheria inayoruhusu ibada hiyo kote nchini, lakini kwa wenyeji asilia wa makabila yanayotambuliwa pekee.