Isaya Mukirane: mwalimu aliyeanza na historia, akaishia vitani

Kasese na Bwera humkumbuka Isaya Mukirane kama mfalme wa kwanza wa Rwenzururu. Husahaulika kwamba kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa shule. Mwaka 1954 yeye na wenzake waliunda chama cha kutafiti maisha na historia ya Wakonzo, wakapanda milima ya Rwenzori kuwasikiliza wazee. Kumbukumbu nzito kuliko zote ilikuwa ya Nyamutswa, Tibamwenda na Kapolya, viongozi wa maasi dhidi ya utawala wa Toro na Waingereza, walionyongwa mwaka 1921.

Utafiti huo ulizaa siasa. Mwaka 1962 Mukirane na wawakilishi wenzake walitoka katika Rukurato, baraza la Toro, baada ya Wakonzo na Waamba kunyimwa kutambuliwa sawa na Watoro. Alikamatwa, akapewa dhamana, akakimbilia milimani. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo Rwenzururu ilijitangazia uhuru, na wafuasi wake wakapigana kwa mikuki, kama babu zao.

Alifariki mwaka 1966, angali milimani. Mwanawe, Charles Mumbere, alirithi kiti akiwa kijana mdogo. Baadaye Serikali ya Uganda iliutambua ufalme huo.