Robert Holbrook Smith

Robert Holbrook Smith, anayejulikana zaidi kama Dk. Bob (St. Johnsbury, Vermont, 8 Agosti 1879 – Akron, Ohio, 16 Novemba 1950), alikuwa daktari mpasuaji wa Marekani na mmoja wa waanzilishi wawili wa Alcoholics Anonymous, kwa kifupi AA, ushirika wa watu wanaosaidiana kuacha pombe bila kutangaza majina yao kamili. Mwanzilishi mwenzake alikuwa Bill Wilson wa New York.

Miaka ya ulevi

Baba yake alikuwa hakimu, na nyumbani walishika dini sana. Alihitimu Chuo cha Dartmouth mwaka 1902, akiwa tayari mnywaji mkubwa. Baadaye alisomea udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan, lakini ulevi ulimwondoa huko. Alimalizia Rush Medical College, Chicago, mwaka 1910. Mwaka 1915 alimwoa Anne Ripley, aliyekuwa amemsubiri tangu siku za shule.

Huko Akron alipata sifa ya mpasuaji hodari, lakini asubuhi alimeza dawa za kutuliza ili mikono isitetemeke, na jioni alirudi kwenye chupa. Alizificha hata kwenye sanduku la makaa. Marufuku ya pombe nchini Marekani (1920–1933) haikumsaidia, kwa kuwa daktari aliruhusiwa kupata kileo kwa ajili ya tiba. Alilazwa mara nyingi, na kila alipotoka alirudia. Elimu yake ilimweleza vizuri madhara ya pombe, hakukosa maarifa.

Kutafuta kikao

Mwaka 1933 yeye na mkewe walianza kuhudhuria Kundi la Oxford, harakati ya Kikristo iliyoanzishwa na mchungaji Mlutheri Frank Buchman. Wanachama walikutana majumbani, wakasali na kuungama makosa yao. Smith alihudhuria kwa zaidi ya miaka miwili, alisoma vitabu vyao, na hatimaye alikiri mbele ya wenzake kwamba anakunywa kwa siri. Walimwombea. Aliendelea kunywa. Walikuwa watu wema, ila karibu wote hawakuwahi kuwa walevi, na hapo ndipo kikao kilipompwaya.

Mei 1935 Bill Wilson alikuwa Akron kwa biashara iliyoshindikana. Alikuwa ameacha pombe kwa miezi michache, na sasa aliona baa ya hoteli ikimwita. Alipiga simu kwa makanisa akitafuta mlevi wa kuzungumza naye, akafikishwa kwa Henrietta Seiberling, mwanachama wa Kundi la Oxford. Mama huyo aliwakutanisha nyumbani kwake tarehe 12 Mei. Smith alikubali kukaa dakika 15 tu. Waliachana baada ya saa tano usiku. Wilson hakumpa mawaidha. Alimsimulia jinsi yeye mwenyewe alivyokunywa, na alisema wazi kwamba mazungumzo yale aliyahitaji kwa ajili ya nafsi yake.

Smith alianguka mara moja zaidi, alipokwenda mkutano wa madaktari Atlantic City. Tarehe 10 Juni 1935 alikuwa na upasuaji, na Wilson alimpa bia moja kutuliza mikono. Hiyo ilikuwa ya mwisho, na siku hiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa AA. (Kutetemeka huko si jambo la kupuuza: mlevi wa muda mrefu anayeacha ghafla anaweza kupata degedege hata kufa, hivyo inafaa aanzie hospitalini.)

Vikundi kutengana

Kwa miaka minne walevi wa Akron waliendelea kukutana kila Jumatano pamoja na Kundi la Oxford. Wakatoliki waliotoka Cleveland hawakuwa na raha humo, kwani kanisa lao halikupenda kuungama hadharani. Mei 1939 walianzisha kikao chao. Mwisho wa mwaka huo Smith naye aliondoka na wenzake, na Januari 1940 walihamia jengo la shule.

Kutokana na uzoefu huo AA iliweka sharti moja tu la uanachama, yaani nia ya kuacha kunywa, na ada haitozwi. Walevi wawili au watatu wanaokutana kwa lengo hilo wanatosha kuwa kikundi. Jambo hili lina uzito kwa miji kama Kibondo na Kasulu, ambako pombe ya ndizi haikosi kwenye sherehe, na anayetaka kuiacha hana budi kuanza na mwenzake mmoja. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu hutumia hatua 12 za AA kwa waraibu wa heroini.

Hospitalini

Kuanzia 1939 Smith alishirikiana na Sista Ignatia Gavin katika hospitali ya St. Thomas, Akron, kuwalaza walevi waliokuwa wakikataliwa kwingine. Inakadiriwa alihudumia zaidi ya 5,000, bila malipo.

Mwisho

Anne alifariki Juni 1949. Julai 1950 Smith, akiwa tayari anaugua saratani, alihutubia kwa dakika chache mkutano wa kwanza wa kimataifa wa AA huko Cleveland. Alizikwa Akron, na jiwe la kaburi lake halitaji AA. Nyumba yake ya Ardmore Avenue hupokea wageni hadi leo.