Fundi Konde na Gitaa Lisiloandikiwa Daftari

Mali bila daftari, walinena wahenga, huisha bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wachuuzi, lakini leo nataka kuwaelekezea wanamuziki wetu. Katika Ukunda, Diani na Msambweni wapo wazee waliopiga gitaa la umeme mahotelini kwa miaka mingi. Machafuko ya Likoni ya Agosti 1997 yalipowafukuza watalii pwani, riziki ya wengi ilikatika. Nimewasikia baadhi yao wakiyakumbuka magitaa waliyoyauza kama mtu amkumbukavyo jamaa aliyehamia ng'ambo asiandike barua. Ili tuyafahamu majuto hayo, yafaa tuyadurusu maisha ya Fundi Konde.

Fundi Konde alizaliwa mwaka 1924 huko Mwabayanyundo, katika nchi ya Wagiriama, ndugu zao Wadigo na Waduruma wa Kwale. Alisoma katika shule za misheni ya Kikatoliki, na humo ndimo alimoonja muziki wa kigeni. Vilipopamba moto Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, aliingia katika kikosi cha kuwatumbuiza askari wa Afrika Mashariki waliopelekwa India na Burma. Kijana aliyekulia miongoni mwa ngoma za Kimijikenda akajikuta kati ya mataifa, akisikiliza rumba na jazi, na kuyahifadhi kichwani yote aliyoyasikia.

Aliporejea alianza kurekodi, mwishoni mwa miaka ya 1940. Anahesabiwa miongoni mwa Waafrika Mashariki wa kwanza kulipiga gitaa la umeme. Wanafunzi wa sayansi wataelewa uzito wa jambo hilo. Chini ya nyuzi za chuma za gitaa hili pana sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba. Uzi ukitetema, umeme mdogo huzaliwa katika waya huo, kisha kikuza sauti huupa nguvu. Kwa hiyo mpigaji hana haja ya kuukwaruza uzi kwa nguvu ili asikike ukumbini. Anaweza kuugusa taratibu, na gitaa likazungumza kama mwimbaji wa pili. Konde aliitumia fursa hiyo kwa utulivu mkubwa. Anayesikiliza Tausi Ndege Wangu au Mama Sowera hukuta Kiswahili chepesi, kinachotamkwa wazi, na gitaa lisilogombana na maneno.

Alifanya kazi pia na Peter Colmore wa Nairobi, Mwingereza aliyetumia muziki kutangaza bidhaa. Lakini nyimbo zake zilichapishwa katika sahani za santuri zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zikibeba kiasi cha dakika tatu kila upande, na zikivunjika kama vigae. Miaka ya 1960 ilipokuja na vijana wake na mitindo yake, jina la Konde lilififia. Alikuwa hai, lakini soko lilikwisha kumzika. Ndipo mwaka 1994 nyimbo zake za kati ya 1947 na 1956 zilipokusanywa na kutolewa upya. Mzee alikuwa na umri wa miaka sabini. Aliaga dunia mwaka 2000, yaani ilibaki miaka sita tu kwa watu kumuuliza alijifunza nini, kwa nani, na vidole vyake vilipita wapi.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Simlaumu mtu aliyeuza gitaa ili alipe karo au amtibu mgonjwa. Uhitaji hauna adabu, na chombo kilicholisha familia kikiwa kizima kinaweza kuilisha mara moja zaidi kikiuzwa. Aidha, gitaa kuukuu lina wanunuzi wake. Huko Marekani, yale ya Fender yaliyoundwa kabla ya kampuni hiyo kununuliwa na CBS mwaka 1965 huwaniwa kwa bei kubwa mno. Hata hivyo, mnunuzi huondoka na mti, chuma na waya. Hawezi kuondoka na mkono uliokipiga chombo hicho. Mkono hubaki Ukunda, bila kazi, ukisahau kidogo kidogo, na siku mwenyewe akifa hausahau tena kwa kuwa haupo.

Sisi wanaisimu tunaujua msiba wa namna hii. Lugha haifi siku kamusi inapopotea. Hufa siku mzungumzaji wa mwisho anapokosa wa kuzungumza naye. Muziki nao ni vivyo hivyo. Nyimbo za Konde ziliponea katika sahani zilizohifadhiwa. Mpigaji wa hotelini, aliyepiga usiku kucha pasipo kurekodiwa, hana hata sahani iliyovunjika.

Kwa hiyo nawaomba walimu wa Kwale jambo lisilohitaji bajeti. Wapeni wanafunzi wenu kazi ya likizo: kila mmoja amtafute mzee mmoja aliyepiga muziki, aandike jina la bendi, miaka, nyimbo, na aina ya gitaa alilokuwa nalo. Siku hizi simu ya mkononi hurekodi sauti. Mzee aazimwe gitaa lolote, aombwe apige polepole, naye kijana atazame vidole. Gitaa lililouzwa huenda lisirudi kamwe Msambweni. Lakini daftari lake bado linaweza kuandikwa, maadamu mwenyewe yu hai.